Mlango uliokwama kwa shilingi ishirini na tano

Saa kumi na mbili asubuhi haijatimia, na Zéphyrin Mugisho amekwisha kupiga magoti nyuma ya duka moja jembamba katika eneo la Kikuubo, jijini Kampala. Mkono wa kushoto umeshika tindo, wa kulia umeshika nyundo. Anagonga mara mbili, anapuliza vumbi, anagonga tena.

Kila tofali analitoa zima. Analikwangua chokaa kwa ncha ya mwiko, analifuta kwa kiganja, kisha analilaza juu ya gunia. Vipande vidogo na vumbi anavikusanya kwa mkono na kuvitia katika mfuko wa unga ulioshonwa mara mbili. Anapomaliza safu moja, anafagia sakafu kwa ufagio mfupi na kumimina taka hizo mfukoni humo humo.

Ni Alhamisi, tarehe 29 Desemba 1977. Mkataba wa upangaji wa duka hili unakwisha Jumamosi. Siku hiyo kabla ya adhuhuri mkaguzi wa majengo atafika, ataukagua ukuta huu wa nyuma, na ataamua mambo mawili. La kwanza ni kama Joska, mke wa mpangaji, ataongezewa miaka mitano. La pili ni kama mlango ambao mumewe aliuagiza miaka mitatu iliyopita utabaki au utazibwa.

"Yeye la kwanza analisahau," anasema Zéphyrin bila kugeuka. "Mlango ndio anaouulizia kila saa."

Namba ya nyumba hii na jina la ofisi inayoimiliki havitajwi hapa. Joska mwenyewe aliomba hivyo, na kila anayeishi Kampala leo ataelewa.

Zéphyrin ana umri wa miaka hamsini na miwili. Alizaliwa vilimani karibu na Bukavu, na alijifunza uashi katika shule ya ufundi ya misheni. Mapadri walimfundisha mambo mawili ambayo hajawahi kuyaacha: kupima kwa timazi kabla ya kuamini jicho, na kuandika kila kitu kwenye karatasi. Mwaka 1964 vita vilimtoa kwao. Aliingia Uganda na mkewe, Bibiane, pamoja na mwiko mmoja uliofungwa ndani ya blanketi.

Tangu hapo anaishi Bwaise, mahali ambapo mvua kubwa haihitaji kubisha hodi. Ujira wake ni shilingi thelathini kwa siku, siku anapopata kazi. Kilo moja ya sukari, siku inapopatikana, inauzwa zaidi ya hapo.

Wafanyabiashara wa Kikuubo wanamwita Fundi Kikomo. Jina hilo amelipata kwa sababu ya kifungu cha tisa.

Mwishoni mwa mwaka 1972, Wahindi walipoamriwa kuondoka nchini, maduka mengi ya mji huu yalibakia bila wenyewe. Miezi michache baadaye yalikuwa na wapangaji wapya. Mikataba waliyopewa ilichapwa kwa haraka kutoka kwenye fomu za zamani, na kifungu cha tisa kilinakiliwa kama kilivyokuwa. Kinasema kwamba mpangaji asifanye mabadiliko ya jengo yenye thamani inayozidi shilingi mia sita kwa mwaka mmoja, bila kibali cha maandishi. Akizidisha, mkataba umevunjika. Na kazi yoyote ambayo haijakamilika siku mkataba unapokwisha sharti iondolewe, jengo lirudishwe lilivyokuwa, kwa gharama ya mpangaji.

Wakopeshaji nao wakalipenda sharti hilo. Mkopo wa biashara ambao mume wa Joska aliuchukua ulikuwa wa shilingi elfu sita. Humo pia iliandikwa kwamba mia sita tu kwa mwaka ziingie kwenye jengo, nyingine zote ziwe bidhaa.

Kibali cha maandishi kilikuwepo, lakini kwenye karatasi tu. Barua ya kuomba kibali cha mlango huu ilipelekwa Oktoba 1974. Majibu hayajafika hadi leo.

Kwa hiyo Zéphyrin alibuni utaratibu wake. Kazi kubwa aliikata vipande kufuata miaka. Mwenye kutaka ukuta alijengewa nusu kabla ya Krismasi na nusu baada ya mwaka mpya. Mwenye kutaka choo alichimbiwa shimo mwaka huu na kuezekewa mwaka ujao. Mwaka ulipogeuka, mia sita zilianza upya. Kikuubo nzima ilijua kwamba Januari ni msimu wa waashi.

"Nilijivunia sana utaratibu huo," anasema. "Hakuna mteja wangu hata mmoja aliyefukuzwa."

Anafuta vumbi kwenye tindo, kisha anaongeza: "Kwa ajili ya kifungu cha tisa."

Mume wa Joska anaitwa Fabiano Ogwal. Ni mtu wa Lango, kaskazini mwa Uganda. Alilitumikia jeshi la polisi miaka kumi na minne, akastaafu, akapata duka hili Januari 1973. Aliuza masufuria, sahani za bati na mablanketi. Watu waliendelea kumwita Afande, naye aliendelea kuipanga bidhaa yake kwa mstari, kama gwaride.

Oktoba 1974 alimwita Zéphyrin na kumpeleka nyuma ya duka. Ukuta wa nyuma ulikuwa mzima, bila hata dirisha. Upande wa pili kulikuwa na kichochoro kinachotokea barabara nyingine.

"Fundi, nitobolee mlango hapa," alisema. "Wa mtu mmoja tu. Si wa kupitisha ng'ombe."

"Wa kazi gani, Afande?"

"Wa kupokelea mizigo."

Zéphyrin aliamini. Leo anasema aliamini kwa sababu hakutaka kufikiri jambo lingine. Wanaume wa Lango na Acholi, hasa waliowahi kuvaa sare za serikali iliyopinduliwa, walikuwa wakipungua mjini mmoja mmoja, na hakuna aliyeuliza kwa sauti.

Alipiga hesabu. Kazi yote isingeingia katika mwaka mmoja. Akaikata kama kawaida yake. Mwaka 1974 angepitisha linta, ile boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya mlango, na kununua mbao za mvule za fremu. Januari 1975 angeyatoa matofali yaliyo chini ya linta na kusimamisha mlango. Hivyo ndivyo mwashi makini anavyofanya hata kama hana kikomo: juu kwanza, chini baadaye.

Linta na mbao viligharimu mia tano na sitini. Zilibaki arobaini, na arobaini ndiyo ilikuwa bei ya kutoboa ukuta na kusimamisha mlango. Ogwal alizilipa papo hapo, Zéphyrin akamwandikia risiti. Mwaka ulijaa. Mia sita kamili.

Wiki ya mwisho ya Novemba Ogwal alibadilika. Alimtaka fundi asingoje Januari.

"Toboa sasa," alisema. "Nimeshalipa. Mlango wenyewe utakuja baadaye, mimi nitaweka bati."

"Kuna kifusi, Afande. Mkokoteni wa kukitoa ni shilingi ishirini na tano. Itakuwa mia sita ishirini na tano."

"Nitakibeba mwenyewe kwa karai."

"Kifungu kinasema thamani. Ukibeba wewe, mkaguzi ataipa bei vile vile."

Ogwal alicheka mpaka akashika kaunta. "Wewe Mkongo, ungekuwa polisi ungemkamata mama yako mzazi!"

Zéphyrin naye alicheka. Lakini hakutoboa. Machi ya mwaka huo, mpangaji wa duka la tatu kutoka hapo alikuwa amefukuzwa kwa kuzidisha shilingi sabini kwenye rafu za saruji. Fundi aliyezijenga, mkimbizi kama yeye, alinyang'anywa hati ya ukaazi. Alionekana mara ya mwisho stendi ya mabasi, amekalia sanduku lake la zana.

"Nilimwambia Afande avumilie wiki tano," anasema Zéphyrin. "Mkataba ni mkataba. Maneno hayo yalitoka katika kinywa hiki."

Wanaume watatu walifika Jumatano, tarehe 11 Desemba 1974, saa tisa mchana. Joska alikuwa akikunja mablanketi. Anayasimulia haya kwa Kiswahili cha kambi ya polisi alikoishi miaka mingi, Kiswahili kifupi, chenye mkazo wa amri. Haongezi kitu.

"Gari ilisimama mbele. Yeye aliona kabla yangu. Hakukimbia. Alitembea mpaka nyuma, akasimama pale, chini ya hiyo linta. Akaweka mkono kwenye matofali kama mtu anangoja kufunguliwa. Halafu akarudi mbele mwenyewe. Akachukua koti."

Mlangoni aligeuka mara moja. Hakumuaga mkewe. Hakumtaja binti yao, Apio, aliyekuwa shuleni. Alisema: "Mwambie fundi amalize."

Gari liliondoka. Hadi Januari zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Januari ilipofika, Zéphyrin alibeba zana zake akaja. Alikuta amechelewa kwa namna nyingine. Mkataba ulikuwa wa Fabiano Ogwal, na ofisi haikuruhusu kazi yoyote kwenye jengo ambalo mpangaji wake hayupo. Ilimpasa Joska abadilishe jina kwanza. Fomu ya kubadilisha jina ilikuwa na sababu tatu za kuchagua: mpangaji amekufa, mpangaji amehama, mpangaji amefilisika.

"Karani akaniuliza, mama, bwana wako amekufa?" anasimulia Joska. "Nikamwambia, wewe umeona kaburi? Akasema, basi amehama. Nikamwambia, mtu anahama na kiatu moja, jozi nyingine iko chini ya kitanda? Akafunga faili. Akasema, mama, chagua moja upate amani. Nikamwambia, amani yako weka kwa droo yako."

Hakuchagua. Aliendelea kuuza masufuria na kulipa kodi kwa jina la mumewe. Kila miezi michache alirudi ofisini na kukuta karani mwingine na fomu ile ile. Januari tatu zilipita bila nyundo kugusa ukuta.

Watu walimshauri aandike kwamba amekufa, apate urahisi wa mambo. Kakaye alisafiri kutoka kijijini kumwambia hivyo. Joska alimpikia, akamsikiliza, akamsindikiza hadi kituo cha basi.

"Nikiandika amekufa, nani atamwambia akirudi?" anauliza. "Atakuta mimi nimemuua kwa kalamu."

Mbao za mvule, kwa muda huo wote, zilikuwa Bwaise. Zéphyrin alizifunga kwa kamba chini ya paa la nyumba yake, juu kabisa, mahali ambapo maji hayafiki. Bibiane, anayeuza muhogo wa kukaanga sokoni Kalerwe, alianikia nguo juu yake.

"Watoto wangu wamekulia chini ya mlango wa watu," anasema Bibiane. "Siku moja kuni zilikosekana kabisa. Nikamwambia, baba, tushushe ubao mmoja tu, tupikie maharage. Alinitazama kama nimesema tuchome msalaba wa kanisani."

Septemba mwaka huu, karani mgeni alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake. Alichukua kalamu na kuandika chini ya zile sababu tatu, kwa mkono, "Mpangaji hayupo kwa sasa." Kisha akamwacha Joska atie sahihi kwa niaba ya mumewe. Wiki mbili baadaye karani huyo naye hakuwepo tena kwenye meza yake. Lakini karatasi ilikuwa na muhuri.

Joska alikuja Bwaise kwa miguu kumletea Zéphyrin habari. "Fundi," alisema, "tumeruhusiwa."

Kikomo kilikuwa kile kile, shilingi mia sita. Pesa zenyewe ndizo zilizokuwa zimebadilika. Mfuko wa saruji ambao mwaka 1974 aliununua kwa shilingi thelathini na kitu, sasa aliupata kwa magendo tu, kwa mia mbili na themanini. Bawaba mbili za mitumba zilimgharimu siku mbili za kuuliza, kutoka duka moja hadi jingine. Ilimchukua hadi katikati ya Desemba kukusanya kila kitu bila kuvuka mstari. Alinunua nusu mfuko wa saruji. Mlango wenyewe aliuunga kwa mbao za kreti za chai, akazipiga randa hadi maandishi yakafutika.

Ndiyo maana wiki hii hakuna nafasi ya kukosea. Tofali la kuzibia kingo za fremu likivunjika, hana pesa za jingine.

Ijumaa asubuhi tundu limekamilika. Mwanga unaingia nyuma ya duka kwa mara ya kwanza tangu nyumba hii ijengwe. Unaangukia masufuria yaliyosahaulika kwenye rafu ya chini, na Joska anashangaa kuona kwamba baadhi yake ni ya bluu.

Fremu inagoma. Mvua za miaka mitatu za Bwaise hazikuzigusa mbao, lakini unyevu wake umezigusa, na mguu mmoja wa fremu umevimba kwa upana wa kidole.

"Hiyo mbao imenenepa kuliko wewe, fundi," anasema Joska.

"Mama Apio, siku hizi nani asiyezidiwa na ubao?"

Joska anacheka, akiziba mdomo kwa ncha ya kitambaa. Zéphyrin anachukua randa. Anachonga kidogo, anajaribu, anachonga tena. Saa sita fremu inaingia. Anashusha timazi pembeni yake na kungoja uzi utulie. Joska amesimama nyuma yake, akiufuata uzi kwa macho.

"Imenyooka," anasema Zéphyrin.

Jioni anajitwika ule mfuko wa unga begani na kuondoka nao, kama alivyofanya Alhamisi. Ni mwendo wa zaidi ya saa moja hadi Bwaise, na mfuko ni mzito. Anapumzika mara tatu njiani. Hampi mtu mwingine aubebe.

Jumamosi saa nne mkaguzi anaingia. Anaitwa Erinayo. Ni mzee mwenye mwavuli, faili la kamba, na miwani ambayo mkono wake mmoja ni uzi. Anawasalimu wote kwa Kiganda, mwanamume ssebo na mwanamke nnyabo, taratibu, na kumaliza salamu zote kabla ya kufungua faili. Anaufungua mlango na kuufunga mara nne. Anapapasa fremu. Anatoka kichochoroni na kurudi.

"Nnyabo, risiti," anasema.

Joska anampa. Erinayo anajumlisha kwa penseli pembeni mwa faili. Mlango, bawaba, saruji, mchanga, chokaa, misumari. Mia tano themanini na nane.

"Sijaona ya fundi."

"Fundi amelipwa zamani," anasema Joska.

"Kazi ni thamani, nnyabo. Hata akifanya bure, mimi naiandika. Kwa bei za leo kazi hii ni mia na zaidi. Mmezidisha."

Zéphyrin anafungua kitabu chake cha risiti cha mwaka 1974. Kurasa zake zimekauka na kukunjamana kama majani. Anaonyesha moja kwa kidole. Erinayo anaisoma kwa sauti: "Imepokewa kutoka kwa F. Ogwal, shilingi arobaini, kwa kazi ya kutoboa ukuta na kusimamisha mlango, itakayofanywa Januari." Chini kuna sahihi mbili.

"Alinunua kazi hiyo mwaka 1974," anasema Zéphyrin, "na ilihesabiwa katika mia sita za mwaka 1974. Mimi nilichelewa kuifanya. Kuchelewa hakuna bei katika kifungu."

Erinayo anaitazama sahihi ya pili. "Huyu Ogwal yuko wapi?"

"Ndiye tunamfungulia," anasema Joska.

Penseli ya mzee inasimama juu ya karatasi. Baadaye anakohoa na kugeuza ukurasa.

"Na kifusi? Ukuta huu umetoa kifusi. Kimebebwa na nani, kwa kiasi gani?"

"Nilikinunua," anasema Zéphyrin.

"Umenunua nini?"

"Kifusi. Kwa shilingi moja. Hii hapa risiti ya mama. Nimekibeba kwenda kwangu Bwaise, kiko chini ya kitanda cha mke wangu. Maji yakija, angalau yatapata kazi ya kupanda. Mzigo ni wangu, gharama ni yangu. Mpangaji hahusiki."

Erinayo anavua miwani. "Banange! Miaka ishirini na miwili nakagua majengo, sijaona mtu ananunua kifusi." Anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefurahishwa na kazi safi. Kisha anatikisa kichwa na kukubali.

Zéphyrin hacheki. "Inaruhusiwa, bwana mkaguzi?"

"Hakuna kifungu kinachokataza."

"Na mwaka 1974? Mwaka ule pia ingeruhusiwa?"

Mzee anarudi kwenye kifungu cha tisa. Anakisoma chote, midomo ikicheza, kwa sababu ameulizwa na anataka kujibu sawasawa.

"Kifungu hakijabadilika, ssebo," anasema. "Ingeruhusiwa."

Zéphyrin anakaa juu ya matofali aliyoyapanga. Mikono yake, iliyojaa chokaa, anailaza juu ya magoti na kuitazama. Joska anageukia rafu na kuanza kupanga sahani ambazo tayari zimepangwa.

Baadaye, mzee alipokwisha kupiga muhuri na kwenda zake, Zéphyrin alieleza. Wazo la kununua kifusi lilimjia mwaka jana, siku mafuriko yalipoingia chumbani naye akazunguka Bwaise nzima kutafuta kitu cha kuinulia sakafu. Hapo ndipo alipokumbuka ukuta wa Ogwal. Tangu siku hiyo amekuwa akijiambia kwamba pengine mkaguzi asingekubali. Wazo hilo la pengine ndilo lililomwezesha kulala.

"Mwaka 1974 pia nilikuwa naishi Bwaise," anasema. "Mwaka ule pia sakafu yangu ilikuwa chini. Kifusi nilikihitaji vile vile. Shilingi moja, na tundu lingekuwepo wiki mbili kabla hawajaja. Nilijua vifungu vyote vya mkataba ule kwa moyo. Sikujua kuuliza mimi mwenyewe nahitaji nini."

Joska amesikia. Anajibu bila kuacha kupanga sahani.

"Fundi, si wewe uliyeleta gari."

Hilo ndilo neno pekee la faraja alilompa kwa miaka mitatu, na halirudii.

Erinayo alikuwa ameacha maneno mengine mlangoni. Aliutazama mlango, akaona jambo moja limekosekana. "Kuna shilingi kumi na mbili zimebaki," alisema. "Mwaka unakwisha leo. Nunueni komeo."

Muuza vyuma wa mtaa wa pili ana komeo dogo la mitumba. Analiuza shilingi kumi na mbili kamili. Zéphyrin anavaa kofia yake tayari kwenda.

"Usinunue," anasema Joska.

"Mama Apio, hapa Kikuubo? Mlango bila komeo? Wezi wataingia."

"Wezi waliingia mbele, fundi. Na mbele kulikuwa na kufuli mbili."

Zéphyrin anatazama mlango wa mbele, ulio wazi, na watu wanaopita na mizigo yao vichwani. Anashusha sauti. "Usiseme hivyo."

"Nimesema kwa wewe peke yako. Komeo ni la mwakani."

Zéphyrin anavua kofia. Yale matofali mazima anayabeba moja moja hadi kichochoroni na kuyapanga nje ya mlango, bila saruji, yawe kidato cha chini ambacho mtu aliyechoka anaweza kukalia. Hiyo ni kazi isiyo na risiti. Joska anamwacha aifanye.

Mkataba mpya unaanza kesho, na pamoja nao mia sita nyingine. Zéphyrin atarudi Jumatatu kupiga plasta kuzunguka fremu, na baada ya hapo kupaka chokaa, kama chokaa itapatikana. Hii itakuwa Januari yake ya kwanza ya kazi katika duka hili. Amepanga pia kulinunua lile komeo kwa pesa zake na kukaa nalo mfukoni.

"Kila Januari nitamuuliza," anasema akifunga zana zake. "Siku atakayoniambia, fundi, sasa piga komeo, nitajua jambo moja kati ya mawili. Ama Afande amerudi, ama mama amechoka kungoja. Namwomba Mungu liwe la kwanza. Komeo nitalipiga kwa furaha, bure, mkaguzi aandike thamani anayotaka."

Anaaga na kutokea mbele. Joska anabaki nyuma ya duka, mbele ya mlango wa kreti za chai. Anautazama mpaka mwanga wa kichochoroni unapoanza kupungua. Kisha anaushika ukingoni na kuurudisha polepole, akiacha upenyo wa kuingia vidole vya mtu anayeijua njia.